Kuku wa Kamba Nyekundu

Watu wakiniuliza mamba yuko wapi, nawajibu amekufa. Wakiuliza amekufaje, nawauzia barafu yao waende zao. Duka ni langu, kituo cha mafuta ni changu, na mdomo ni wangu, nitaufungua siku nitakayotaka. Leo nataka.

Mimi ni Zelia Naquin. Duka langu liko pale lami inapoishia. Mbele kuna pampu mbili za mafuta, nyuma kuna mkono wa maji uitwao Hori la Kunguru, na vinamasi hadi macho yako yachoke. Nauza chambo, barafu, soseji za wali, na kahawa ambayo wavuvi wanaitukana kila asubuhi na kesho yake wako palepale wameshika vikombe. Ubavuni mwa hori nina bwawa lililozungushiwa uzio wa chuma, na ndani ya bwawa hilo, kwa miaka arobaini na sita, aliishi Clovis. Urefu futi kumi na mbili. Uzito sijui, hakutokea mwanamume wa kumpandisha kwenye mizani. Mguu wa mbele wa kushoto ulikosa vidole viwili. Karatasi ya serikali ya kumfuga ilikuwa imetundikwa juu ya mashine ya kahawa, kila mwenye macho aisome.

Aliyemleta ni kaka yangu, Ovide. Alikuwa na miaka kumi na miwili, akaingia jikoni na kofia mkononi, na ndani ya kofia mna kimamba cha urefu wa kiganja kinalia kama kifaranga. Baba akasema kitakaa wiki moja tu. Baba alikuwa mtu wa kusema wiki moja.

Lakini aliyemfundisha Clovis kuruka ni mimi. Baada ya mume wangu kufa, duka lilikuwa linasinzia, na mimi si mtu wa kusinzia nalo. Nikasimika mti mrefu ukingoni mwa bwawa, nikatundika kuku mzima kwa kamba nyekundu, ile tunayofungia mitego ya kaa, kimo cha mtu juu ya maji. Siku ya kwanza Clovis alimtazama tu. Siku ya tano alijirusha nusu ya mwili wake hewani na kuku akapotea. Tangu hapo, kila Jumamosi saa nane, mabasi ya watalii yalikuwa yanajaa uwanjani kwangu. Watoto wanapiga kelele, baba zao wanapiga picha, kisha wote wanaingia dukani na kiu.

Ovide alikuja kutazama mara moja. Alisimama nyuma ya watalii amekunja mikono.

"Unajua unamfundisha nini?" akaniuliza.

"Kuruka. Kwani wewe unaona anafanya nini, anaimba?"

"Unamfundisha kufa, Zelia."

Nilielewa alichosema. Huku kwetu mamba huwindwa kwa kuku. Msimu ukifunguliwa, mwindaji anachomeka mti ukingoni mwa hori, anafunga kamba nene yenye ndoana kubwa, na kwenye ndoana anatia kuku aliyeoza, ananing'inia juu ya maji. Usiku mamba anaruka, anameza kuku na ndoana vyote. Asubuhi mwindaji anakuja na bunduki, anampiga moja nyuma ya kichwa, anamfunga lebo ya serikali mkiani, amemaliza. Mti ni uleule, kuku ni yuleyule. Tofauti yake na wangu ilikuwa ndoana, na uzio. Nikamwambia Ovide akawafundishe kufa mamba wake, wa kwangu amwache.

Kama mnaona nilimjibu vibaya, hiyo ilikuwa enzi ya amani.

Vita ilianza kwenye maziko ya Baba, miaka saba iliyopita. Baba alishikwa na ugonjwa wa moyo usiku wa mafuriko, nikampigia Ovide simu, akasema anakuja, na hakuja. Baba alikufa alfajiri ameshika kidole changu. Siku ya maziko, watu wamejaa nyumbani na sahani za wali mikononi, mimi nikasimama mbele ya jeneza nikasema kwa sauti ya kumfikia kila mmoja: "Baba alipokuwa anakufa, mwanawe wa kiume alikuwa anafunga mashua yake isipelekwe na maji." Ovide aliweka sahani chini, akamchukua mkewe, akaondoka.

Mwaka mmoja baadaye mzee anayeendesha daraja la kuinua, lililo kati ya kwa Ovide na kwa Baba, alikuja kununua mafuta. Akaniambia, bila mimi kumuuliza, kwamba usiku ule daraja lilikwama juu mpaka saa tatu asubuhi, na kwamba Ovide alisimama upande wa pili kwenye mvua, akimtukana yeye na mama yake na daraja, hata akataka kuogelea, watu wakamshika. Nikampa chenji yake. Sikumwambia mtu. Ulimi hauna mfupa unapotukana, lakini ukitaka kuomba radhi unakuwa mzito kama nanga, angalau wangu. Miaka sita nilikaa nalo hilo, na kila nilipomwona Ovide barabarani niligeuza shingo.

Sasa nije kwenye kimbunga.

Kilipita siku kumi kabla ya msimu kufunguliwa. Hakikuwa kikubwa, paa langu lilibaki. Lakini hori lilipanda likaungana na bwawa, na mti mkubwa ukaangukia uzio ukaulaza. Maji yaliposhuka palikuwa na pengo la kupita gari, na Clovis hayupo.

Nilijua nina siku kumi. Mamba wa porini huenda akaogopa kuku anayening'inia, kuna wazee waliojifunza. Clovis hakujifunza kuogopa. Kwake kuku juu ya mti maana yake ni Jumamosi saa nane. Wakitundika wao, ataruka wa kwanza, na hakuna hori katika wilaya nzima ambalo halitatundikwa kuku.

Nilizunguka na mashua nikigonga ndoo. Siku nne nimegonga, sauti imenikauka kwa kuita, nimepata mbu tu. Siku ya tano nikajiambia, Zelia, acha upumbavu, mfanyie anachokijua. Nikarudi bwawani. Lile pengo nikaligeuza mlango: nikaning'iniza bati zito juu yake, kamba ya bati nikaileta hadi kwenye kiti changu. Kisha nikatundika kuku kwenye mti wake wa siku zote, kwa kamba nyekundu, bila ndoana. Akiingia kula, naachia kamba, bati linashuka, mamba yuko nyumbani. Nikakaa. Earline, mwanamke anayenisaidia kaunta, alikuwa ananiletea chakula palepale kitini.

Na nikakataa kuuza kuku. Kila mwaka wawindaji hununua kwangu kuku wa chambo, nawaacha juani wiki nzima hadi harufu inafika kanisani. Mwaka huu nilibandika karatasi mlangoni: HAKUNA KUKU. Walinijia juu wote.

"Mama, mimi nina lebo za mamba ishirini na tano," mmoja akaniambia. "Nitaweka nini kwenye ndoana, soseji yako?"

"Weka kidole."

"Tutanunua mjini basi."

"Mjini si mbali, na mafuta ninayo. Jaza tanki."

Walijaza, wakaenda, wakarudi na kuku. Nilijua watarudi nao. Nilitaka tu kuku hao wasitoke mkononi mwangu.

Kati ya wote hao, niliyemwogopa ni mmoja. Hori la Kunguru, kuanzia nyuma ya duka langu mpaka kwenye mikuyu, haki yake ya kuwinda ni ya Ovide. Mamba hatembei mbali na mahali alipolishwa miaka arobaini na sita. Kama Clovis alikuwa popote, alikuwa kwenye maji ya Ovide. Nilimtumia ujumbe kwa Earline: asitundike karibu na duka, anipe wiki moja. Jibu likarudi: "Mwambie ana miguu. Aje mwenyewe aseme."

Sikwenda.

Sheria inaruhusu kutundika siku moja kabla ya msimu. Siku hiyo, mchana, nimekaa kitini na kamba ya bati mkononi, nikasikia injini ya mashua ya Ovide. Naijua ilivyo, inakohoa. Ikasimama. Ikaenda kidogo, ikasimama tena. Kila inaposimama, najua ametundika kuku mmoja. Nikahesabu hadi kumi na mmoja, na wa mwisho alikuwa karibu kiasi cha kusikia nyundo yake ikigonga mti.

Nikasimama. Earline alikuwa mlangoni, foleni ya kaunta yake imefika nje.

"Dada Zelia, kaa," akasema. "Leo ndiyo siku yenyewe. Ovide hakimbii, utamtukana kesho."

"Dakika kumi tu."

"Na bati nani atalishika? Mimi siwezi kuacha kaunta."

"Siku tano hajaja. Atakuja dakika kumi hizi?"

Nikaifunga kamba ya bati kwenye mguu wa kiti, nikapanda gari.

Nilimkuta Ovide barazani kwake anaosha mikono. Harufu ya kuku ilikuwa imemganda. Sikumsalimia, na yeye hakunikaribisha.

"Umetundika mlangoni kwangu," nikasema.

"Nimetundika penye haki yangu. Mlango wako uko barabarani."

"Unajua Clovis yuko mle."

"Najua. Mimi ndiye niliyemleta kwenye kofia, au umesahau na hilo?" Akajifuta mikono taratibu, makusudi. "Nilikwambia uje useme. Umekuja. Haya, sema."

"Toa ile miti."

"Hilo silo neno ninalolisubiri."

"Basi utasubiri hadi meno yaishe."

Dakika kumi zilikuwa saa nzima. Nilimwita mwizi, nilimwita mwoga, nikamkumbusha ndoa yake ya kwanza. Yeye aliniita mwanasesere wa watalii, akasema nimemgeuza mamba wa Baba kuwa tumbili wa sarakasi. Mkewe alifunga madirisha. Nilipoondoka, Mungu anisamehe, nilikuwa najisikia vizuri. Nilikuwa nimemwambia.

Nilipofika bwawani, mti ulikuwa mtupu. Kuku hakuna, kamba nyekundu hakuna, maji yametulia. Bati liko juu nilivyoliacha.

Sikufikiri hata kidogo. Hasira ikishakaa kichwani, akili haipati pa kukaa. Nikaona mara moja: ni mbwa wa Ovide, yule wa manjano aliyezoea kuja kunusa mapipa yangu. Au Ovide mwenyewe katuma mtu, nilipokuwa barazani kwake nikibweka. Nikatundika kuku mwingine, nikakaa hadi giza, nikakaa hadi alfajiri. Hakuja kitu.

Jua lilipochomoza simu ikalia. Jina la Ovide lilikuwa halijatokea kwenye simu ile kwa miaka saba.

"Njoo mti wa kumi na moja," akasema. "Peke yako."

Nilikwenda na mashua. Si mbali, kona moja tu. Ovide alikuwa peke yake, mashua yake imefungwa kwenye kisiki, bunduki magotini. Kamba kutoka kwenye mti ilikuwa imekazika ikiingia majini. Alipoivuta, kichwa kikapanda polepole, kile kichwa kipana ninachokijua kuliko uso wangu, kisha mguu wa kushoto, vidole vitatu. Alikuwa amechoka. Hakuwa anapigana.

"Tangu kabla ya jua niko hapa," Ovide akasema. "Sijampiga."

"Naona."

"Ndoana iko tumboni. Nikiikata kamba tu nikamwacha, kesho atameza ya mwingine. Ila tukiwa wawili tunaweza kumfunga mdomo, tukamkokota hadi bwawani kwako. Chuma kitaoza humo tumboni, nimeona mamba walioishi nacho. Nina kamba, nina utepe." Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Lakini kwanza sema. Sitaki mbele ya watu. Hapa, mimi na wewe na yeye. Sema daraja lilikuwa juu."

Alijua kwamba najua. Huenda yule mzee wa daraja alikuwa amemwambia siku ileile. Miaka sita Ovide alikuwa ananipita barabarani anajua kwamba najua.

Maneno matatu. Nilikuwa nayo mdomoni, naapa. Clovis alikuwa anapumua, povu linatoka puani. Na badala ya maneno yale nikasikia sauti yangu inasema: "Umefurahi sana, eh? Jana ukanizuia barazani kwako, huku mbwa wako akija kuiba kuku wangu, ili Clovis asipate cha kula nyumbani aje kwenye mtego wako. Mla kuku wa mwenziwe, miguu humwelekea. Na leo mimi ndiye nikuombe radhi?"

"Mbwa gani?"

"Usijifanye mjinga."

"Zelia. Sema tumpeleke."

"Sisemi kitu kwa mtu mwenye bunduki. Unataka kupiga, piga. Kwanza ndiyo kazi yako. Piga basi."

Tulizaliwa na baba mmoja, tukarithi kiburi kimoja, hakikugawanywa. Kila mtu alipata kizima. Ovide aliniangalia, nadhani alikuwa ananipa muda. Nami nikageuza shingo, kama nilivyozoea barabarani.

Mlio haukuwa mkubwa. Ndege waliruka, wakatua tena.

Nilipogeuka alikuwa ameshainama na lebo. Alikosa kuipitisha mkiani mara mbili. Machozi yalikuwa yanamtiririka hadi kwenye ndevu na hakuyafuta. Mimi nilirudi dukani nikamwambia Earline afungue pampu, wateja wanangoja.

Jioni Ovide aliingia dukani. Watu walikuwepo, wanne watano. Bado alikuwa amevaa aproni ya kuchunia ngozi. Huku kwetu mamba akichunwa tumbo hupasuliwa, mwindaji aitoe ndoana yake na aone alikula nini. Akaweka kitu juu ya kaunta, kwenye karatasi ya gazeti, mbele ya mashine ya kahawa.

Kilikuwa kipande cha kamba nyekundu. Kilikuwa na fundo bado, fundo la mitego ya kaa, la kupitisha mara tatu, ambalo Baba alitufundisha sisi wawili na ambalo Earline mpaka leo hawezi kulifunga.

"Mbwa wangu alikufa tangu Pasaka," Ovide akasema.

Nililiangalia lile fundo. Clovis alikuwa amekuja. Jana mchana, kiti kikiwa kitupu na bati likiwa juu, alikuja nyumbani peke yake, akaruka kwenye mti wake kama Jumamosi yoyote, akala kuku wangu. Na kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kuachia kamba, akatoka tena na njaa yake akaenda kutafuta kuku mwingine. Saa hiyo mimi nilikuwa barazani kwa kaka yangu, namkumbusha ndoa yake ya kwanza.

"Daraja lilikuwa juu," nikasema.

Nililisema neno hilo mbele ya watu wote wale, kwa sauti ya kumfikia kila mmoja. Halikuwa zito hata kidogo. Lilitoka kirahisi, kama kumwambia mtu bei ya barafu.

Aproni ya Ovide ilikuwa inachuruzika kwenye sakafu yangu.

"Ungelisema asubuhi, ningelisikia," akasema.

Akatoka. Wateja wakalipa mmoja mmoja wakaondoka. Karatasi ya serikali bado iko juu ya mashine ya kahawa, na kamba nimeitundika kwenye msumari uleule, chini yake. Watalii huniuliza ni ya nini. Nawaambia ni ya mitego ya kaa.